Kikundi cha walioacha pombe kitawafikiaje wanaoendelea kunywa?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili tulioacha pombe, wanaume tisa na wanawake watatu. Tunakutana kila Alhamisi jioni kwenye chumba cha parokia huku Moshi. Tulianza kimyakimya ila sasa watu wametujua. Muuguzi wa hospitali ametuomba twende kuongea na wagonjwa wodini, baba mmoja amekuja kutaka tukamtoe mwanawe kilabuni, redio inataka kutuhoji, na kuna mfanyabiashara ameahidi kutulipia fulana na kodi ya ofisi. Simu zote zinapigwa kwa mwenyekiti wetu, hadi usiku wa manane, na amechoka. Wenzetu wa nchi nyingine wanajipangaje? Tuanzie wapi?

JIBU: Salama ndugu yangu, na poleni kwa mzigo huo. Nianze na mwenyekiti wenu, maana hali yake inanishughulisha kuliko hiyo redio. Vikundi kama chenu mara nyingi hufa wakati wahitaji wamejaa mlangoni, kwa sababu kazi yote ya kuwafikia imekaa kwa mtu mmoja. Akichoka, akihama au akirudia kunywa, anaondoka na namba za simu, na urafiki na hospitali, na funguo za chumba. Kwa hiyo nitakapoeleza jinsi wenzenu walivyojipanga, angalieni kitu kimoja: karibu kila utaratibu wao umewekwa ili mlevi akutane na mtu aliyeacha, na ili huyo aliyeacha asiwe yule yule kila siku.

Mfano nitakaouegemea ni wa Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi walioacha pombe wanaosaidiana, wanaofahamika zaidi kama AA, kwa kuwa wana uzoefu mrefu na wameuandika. Mwezi Mei 1935 Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika, alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, na baa ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Akaenda kwenye simu, akaanza kutafuta kupitia viongozi wa makanisa mlevi yeyote ambaye angeweza kuongea naye. Akafikishwa kwa Robert Smith, daktari mpasuaji aliyekuwa ameshindwa kuacha kwa njia zote. Smith alikunywa mara ya mwisho Juni 10, 1935, na AA huihesabu tarehe hiyo kuwa siku yao ya kuzaliwa. Muda mfupi baadaye wawili hao walimwuliza muuguzi wa hospitali ya mji huo kama ana mgonjwa wa pombe. Alikuwepo mwanasheria, Bill Dotson, amelazwa. Wakakaa kando ya kitanda chake wakamsimulia yao, na huyo akawa wa tatu.

Kwa hiyo kuwafikia walevi hakukuja baada ya AA kuwa na ofisi na bajeti. Ndiko kulikoanzisha AA, na aliyepiga simu siku ile alikuwa akijiokoa mwenyewe kwanza. Mkiielewa hiyo mtaacha kuiona zamu ya wodini kama fadhila mnayowafanyia wagonjwa. Yule mwenzenu mwenye wiki sita tangu aache anaihitaji safari hiyo pengine kuliko anayekwenda kutembelewa.

Kabla ya Akron, Wilson alihangaika miezi mingi na walevi wa New York na hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari wake, William Silkworth, alimwambia aache kuwahubiria, aanze na ugonjwa wenyewe: jinsi mwili na akili vya mlevi vinavyomfanya ashindwe kuishia glasi ya kwanza. Huku kwetu ushauri huo una uzito mara mbili. Mtu anayekunywa gongo tangu asubuhi ameshahubiriwa na mama, mke, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa na hata muuza duka. Ninyi mna kitu kimoja ambacho hao wote hawana: mlishawahi kuficha chupa. Semeni hicho. Dakika ishirini za habari zenu wenyewe, bila neno "unapaswa", zinatosha kwa mara ya kwanza.

Sasa muundo. Katika AA kila kikundi kinajitegemea na kinachagua mwakilishi. Wawakilishi wa eneo hukutana na kuunda kamati za huduma, na kamati hizo hazina amri juu ya vikundi. Marekani na Kanada kazi ya nje imegawanywa kwa milango: kuna wanaoshughulika na umma na vyombo vya habari, wanaozungumza na wataalamu kama madaktari, waajiri na viongozi wa dini, wanaokwenda hospitali na vituo vya tiba, na wanaokwenda magerezani. Uingereza wanao maafisa viungo, yaani wanachama wanaounganisha AA na taasisi za nje: mmoja wa afya, mwingine wa simu, mwingine wa magereza, mwingine wa waajiri, na kadhalika. Kila nafasi ina muda wake, na muda ukiisha mtu anampisha mwingine hata kama anaifanya vizuri sana. Hasa kama anaifanya vizuri sana, ningeongeza mimi.

Ninyi ni kumi na wawili, msiunde kamati saba. Hesabuni milango iliyokwisha kugongwa: simu na hospitali. Wekeni watu wawili kwa kila mmoja, kwa mwaka mmoja, na mapema mjue nani atawapokea. Redio isubiri, nitaeleza kwa nini. Wengine wanane kazi yao ni kuhakikisha kikao cha Alhamisi kinafanyika, chai ipo, na mgeni akiingia kuna mtu wa kukaa naye. Hakuna maana ya kuwaleta watu kwenye kikao kilichodorora kwa sababu wenyeji wote wako nje wanaita.

Kwenye simu nitakaa kidogo, maana ndipo mwenyekiti wenu anapoumia. Uingereza simu ya AA hupokelewa na wanachama wa kujitolea wanaopangiana zamu. Anayepokea hatoi dawa wala hafanyi mahojiano marefu. Anasikiliza, anauliza mtu yuko eneo gani, kisha anatafuta kwenye orodha mwanachama wa eneo hilo, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, aliyekubali kupigiwa. Huyo wa pili ndiye anayewasiliana na mlevi na kupanga kukutana. Kazi mbili, watu wawili, na hakuna anayebeba yote.

Fanyeni hivyo hivyo kwa udogo wenu. Nunueni simu ya kitochi na laini ya kikundi, namba ya mwenyekiti ifutwe kila mahali ilipoandikwa. Simu ihame kila Alhamisi kikao kikiisha, ikabidhiwe mbele ya wote pamoja na daftari. Iwe na saa zake, tuseme saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, kisha izimwe bila kuona aibu. Anayehitaji msaada saa nane usiku kwa kuwa anaanguka au anaona vitu visivyokuwepo anahitaji hospitali, hahitaji kikundi. Apewe zamu mtu mwenye angalau mwaka tangu aache. Daftari lichukue jina la kwanza, mtaa, tarehe, na nani amekabidhiwa. Basi. Kurasa za zamani zichanwe na kuchomwa kila mwezi, kwa sababu daftari la walevi wa Moshi likiokotwa sokoni kikundi kimekwisha. Na tafadhali, mgeni asiingizwe kwenye kundi la WhatsApp siku aliyopiga simu. Kule kila mtu anaona namba yake na picha yake, na kati ya watu kumi na wawili hakosekani wa kumjua shemeji yake.

Ndugu wa walevi watapiga kuliko walevi wenyewe. Hapo ndipo naingia kwa yule baba. Msiende kumtoa mwanawe kilabuni. Mlevi aliyeletwa kwa kuvutwa shati atakaa kikaoni kwa hasira, na mkifika kilabuni mnawaweka wenzenu mbele ya meza waliyoikimbia. Kanuni ya AA ni kwamba mlevi mwenyewe ndiye aseme anataka kuongea. Uzoefu wao pia unaonyesha kuwa saa nzuri ni baada ya ulevi kuisha, asubuhi ile ya kichwa kizito na majuto, kabla hajaenda kuzimua. Mwambieni baba ampe kijana namba saa hiyo, amwambie kuna watu waliokuwa hivi, anyamaze. Akipiga, waende wawili, mmoja mzoefu na mmoja mgeni wa kazi. Mwanamke atembelewe na wanawake. Wenu watatu watalemewa haraka, kwa hiyo kuwatafuta wanawake wengine ni jambo la kupanga mapema. Wengi wao hunywa ndani kwa kujificha na hawatafika kwa tangazo la ukutani. Wanaokwenda wasikopeshe pesa, wasimlaze mtu nyumbani kwao, wasigombanishwe na familia.

Baba naye asiachwe mikono mitupu. AA waliligundua hilo mapema, na mwaka 1951 wake wa walevi, wakiongozwa na Lois, mke wa Bill Wilson, walianzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa wenyewe. Wajapani walipita njia nyingine. Chama chao cha Danshukai, kilichoungana kitaifa mwaka 1963, kilichukua mengi kutoka AA lakini kikaamua kwamba mwanachama ajiandikishe kwa jina lake na aje na mkewe au mumewe kikaoni. Sisemi muige, ila kwa familia za Uchagani, ambako mbege ipo kwenye kila jambo la ukoo, kikao kimoja kwa mwezi cha kuwakaribisha jamaa kinaweza kufaa. Vile vingine vibaki vyenu.

Sasa jambo ambalo kila atakayeshika simu au kwenda kumtembelea mtu lazima alijue kwa moyo. Mtu anayekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hapaswi kuambiwa "acha leo hii hii". Akikata ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi, na hayo huvumilika; lakini anaweza pia kupata degedege, kwa kawaida kati ya saa 6 na saa 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na siku ya pili hadi ya nne akachanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, homa ikapanda. Hali hiyo ya mwisho huua isipotibiwa. Ulizeni maswali matatu: unakunywa kila siku tangu asubuhi? Umewahi kupata degedege ulipoacha? Una ugonjwa mwingine au mimba? Ndiyo moja tu inatosha kumpeleka kwanza kituo cha afya au hospitali, na mmoja wenu amsindikize. Aliyekwisha kuchanganyikiwa apelekwe saa hiyo hiyo. Msimpangie dawa, na msimwombee badala ya kumpeleka. Ombeni mkiwa njiani.

Ndiyo maana muuguzi ni mgeni wenu wa thamani kuliko wote. Kuanzia mwaka 1939, katika hospitali ya St. Thomas huko Akron, Daktari Smith na mtawa aliyeitwa Sister Ignatia walilaza maelfu ya walevi kwa mpango rahisi: mgonjwa aje na mwanachama anayemdhamini, apate matibabu, na wanaomtembelea wawe wanachama wa AA. Hospitali ilishughulika na mwili, kikundi kikakaa na mtu, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Sehemu inayoharibika zaidi ni siku ya kuruhusiwa. Kati ya geti la hospitali na nyumbani kuna vilabu vingapi? Kumwambia mgonjwa "wapo watu wanakutana Alhamisi parokiani" ni kama hamkusema kitu. Mwaka 1981 watafiti Sisson na Mallams walichapisha jaribio dogo lenye watu 20. Nusu walipewa maelezo na ratiba ya vikao. Kwa nusu nyingine, mshauri alimpigia mwanachama wa AA palepale mgonjwa akisikia, mwanachama akaongea naye, akajitolea kumpitia na kwenda naye, akamkumbusha kabla ya siku. Waliopewa ratiba hakuhudhuria hata mmoja. Waliosindikizwa walihudhuria wote. Watu 20 ni wachache, lakini tofauti hiyo sijaisahau tangu niisome. Marekani kamati za AA zina mpango kamili wa aina hiyo: mwanachama anakutana na mgonjwa kabla hajatoka, anamfuata, anakwenda naye kwenye vikao vya mwanzo, kisha anamwachia ajitafutie mlezi wake wa kudumu, yaani mwanachama mzoefu wa kumwongoza.

Mkienda kwa muuguzi, nendeni wawili, mmekunja karatasi moja tu: sisi ni nani, tunakutana wapi na lini, tunafanya nini na hatufanyi nini, namba ya kikundi. Hilo la "hatufanyi" ndilo litakalowafungulia mlango. Hatutibu, hatutoi dawa, hatuchukui pesa, hatuhubiri dhehebu, hatuandiki ripoti kuhusu mgonjwa. Ombeni mambo mawili: siku moja ya wiki ya kufika wodini, na kwamba anayekaribia kuruhusiwa aulizwe kama angependa kukutana nanyi, apigiwe simu akiwapo. Muuguzi atahama kituo siku moja, kwa hiyo ombeni pia kutambulishwa kwa mganga mfawidhi na afisa ustawi wa jamii. Daktari akiwauliza kama mambo haya yana ushahidi, upo. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, walipitia tafiti 27 zenye washiriki 10,565, wakaona kuwa programu za kuwaunganisha watu na AA kwa utaratibu uliopangwa ziliwafanya wengi zaidi wakae bila pombe kabisa kuliko matibabu mengine ya mazungumzo waliyolinganisha nayo. Na kama mnataka kuona Hatua 12, yaani hatua za kupona wanazofuata AA, zikifanya kazi kwa Kiswahili, watafuteni walioacha dawa za kulevya katika soba hausi (nyumba za kupata nafuu) za Zanzibar au Dar es Salaam. Ugonjwa wao una jina tofauti, vikao mtavitambua.

Magereza bado hamjaombwa. Mkiombwa, jueni kuwa AA waliingia gereza la San Quentin, California, mwaka 1942 na wamebaki magerezani tangu hapo kwa kushika masharti: vibali vya mamlaka, hakuna kubeba barua wala kitu cha mfungwa, hakuna kumwahidi mtu kuwa kuhudhuria kutampunguzia kifungo.

Redio, basi. Majira ya vuli ya 1939 gazeti la Plain Dealer la Cleveland lilichapisha makala mfululizo kuhusu AA. Kikundi cha mji huo kilikuwa na watu makumi machache, na ghafla wakapokea mamia ya maombi. Ilibidi aliyeacha juzi akabidhiwe aliyeacha jana. Waliokoka kwa kubuni hapohapo utaratibu wa kila mgeni kuwa na mlezi. Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post likaandika, na wanachama wakatoka kama 2,000 hadi kama 8,000 kabla mwaka haujaisha. Inapendeza kuisoma. Sasa jiulizeni: mkisikika leo asubuhi, jioni zikaingia simu sitini, zamu ni ya nani? Mwambieni mtangazaji mko tayari baada ya miezi minne. Mkienda, nendeni kwa jina la kwanza, bila picha mtandaoni, na msemaji asizoeleke akawa ndiye kikundi. AA hawajitangazi kwa kusifu. Hutoa habari na namba, na jina kamili la mwanachama halitajwi kwenye vyombo vya habari. Sababu moja ni usalama wa mtu na kazi yake. Nyingine ni kwamba shujaa wa redioni akionekana baa mwezi ujao, mji mzima utasema njia yenyewe ndiyo iliyoshindwa.

Mtaniambia Moshi hakuna siri, mnaonekana mkiingia parokiani. Kweli. Sura haifichiki, lakini yaliyosemwa ndani yanafichika, na hayo ndiyo anayoyaogopa mgeni. Kwa sababu hiyo fulana siziungi mkono. Mwalimu au dereva wa daladala anayefikiria kuwapigia hatataka kuonekana akitembea na watu walioandikwa ugonjwa wake kifuani.

Na pesa ya mfanyabiashara? Mwaka 1938 AA walimfikia tajiri John D. Rockefeller, wakitumaini dola 50,000 kwa mipango mikubwa ya hospitali na wafanyakazi wa kulipwa. Alitoa dola 5,000 za kuwasaidia Wilson na Smith kuishi, kwa hofu kuwa pesa nyingi ingeharibu jambo lenyewe. Baadaye wenyewe wakaweka kanuni ya kukataa michango ya nje kabisa, na kofia hupita kikaoni wanachama wachangie wenyewe. Hata chumba cha kanisa hukilipia kodi, ili wasiwe mali ya kanisa. Lipieni nanyi, hata kidogo, ili Mwislamu akija asione ameingia kwenye usharika. Mshukuruni mfanyabiashara kwa heshima, na muulizeni kama ana mfanyakazi anayesumbuliwa na pombe. Hiyo ndiyo zawadi mnayoweza kuipokea. Mkitaka siku moja kuanzisha nyumba ya kupata nafuu yenye wafanyakazi wa mishahara, sajilini shirika lake pembeni, lenye akaunti na jina lake. Msichanganye.

Mwisho kuna jambo hamkuliuliza. Mmoja wa wanaoshika simu au kwenda wodini atarudia kunywa. Kubalianeni leo, wote mkiwa wazima, itakuwaje siku hiyo: simu na daftari vinachukuliwa na watu wawili jioni hiyo hiyo, hospitali inaambiwa tu kwamba zamu imebadilika, na yeye anarudi Alhamisi kukaa kama mgeni yeyote, akimiminiwa chai na yule aliyemkabidhi kazi. Akifikisha mwaka tena, jina lake lirudi kwenye orodha ya zamu.